Jalada lilikuwa la bibi: uchambuzi wa kisa cha kumtafuta mzee wa Résistance ya Ufaransa

Usuli

Bi. Z. anaishi Dar es Salaam. Baba yake alikuwa mtu wa Pwani. Mama yake alikuwa Mfaransa aliyekuja Afrika Mashariki kufundisha katika miaka ya 1960, akaolewa, akabaki na akazikwa hukuhuku. Majina, mji wa Ufaransa, namba kamili na kila kitu kinachoweza kuitambulisha familia nimeviondoa.

Nyumbani kwao kulikuwa na hadithi moja ambayo hakuna aliyewahi kuihoji. Babu mzaa mama alikuwa luteni wa maquis, wale wapiganaji wa msituni wa Résistance, harakati ya siri ya Wafaransa waliopinga nchi yao kukaliwa na Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia. Alikamatwa, akapelekwa Ujerumani, akarudi vita vilipokwisha. Bibi alibaki nyumbani akilea. Mama yake Bi. Z. alizaliwa 1938, kwa hiyo aliyoyakumbuka ya vita yalikuwa ya utotoni. Mara mojamoja alikuwa akisema kwamba hata mama yake mwenyewe aliwahi "kwenda Ujerumani kumtafuta baba". Watoto wake waliyachukulia maneno hayo kama ndoto ya mtoto na kuyaacha yapite.

Upande wa baba hapakuwa na fumbo. Babu yao wa huko alikuwa Keya, na alikuwa miongoni mwa askari wa Afrika Mashariki walioteremshwa Madagaska mwaka 1942 kupigana na jeshi lililokuwa chini ya serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioshirikiana na Wajerumani. Mdogo wake Bi. Z. alitaka kuwaandikia wajukuu habari za mababu wote wawili, mmoja aliyepigana na Vichy kutoka baharini na mwingine kutoka ndani. Kwa ajili ya huyo wa pili alimlipa mtafiti mmoja wa mtandaoni, akaletewa karatasi iliyochapwa vizuri ya mpiganaji wa maquis ya Vercors, milima ya kusini-mashariki mwa Ufaransa, mwenye jina la ukoo lilelile. Familia ilishangilia. Bi. Z. peke yake ndiye hakuridhika, maana kwenye karatasi ile mtu huyo alizaliwa miaka tisa baada ya babu yao, tena katika mkoa mwingine kabisa. Hapo ndipo aliponitafuta.

Vitu vilivyokuwa mezani

Vilikuwa vichache. Kulikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mama, kile kifupi kisichotaja mengi. Kulikuwa na picha ya mwanamke aliyekonda, nywele fupi, amesimama mbele ya ukuta. Nyuma ya picha pameandikwa kwa penseli herufi R, kisha namba ya tarakimu tano inayoanza na 27. Na ndani ya kopo la biskuti kulikuwa na nishani ya shaba yenye utepe mweusi wa mistari myekundu, haina jina la mtu.

Nishani hiyo ina msalaba wa Lorraine na tarehe kwa namba za Kirumi: XVIII.VI.MCMXL. Familia iliisoma sawasawa kuwa ni 18 Juni 1940, ikaamua kwamba ndiyo siku babu aliyokamatwa. Ukweli ni kwamba tarehe hiyo imo kwenye kila nishani ya aina hiyo. Ni siku ya mwito wa Jenerali de Gaulle, kupitia redio ya London, wa kuwataka Wafaransa waendelee kupigana. Hiyo ni Médaille de la Résistance, iliyoanzishwa Februari 1943, na waliotunukiwa ni watu wapatao 65,000. Kwa hiyo nyumba hii ilikuwa na mtu wa Résistance kweli. Swali lililobaki ni nani.

Utafutaji ulivyokwenda

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuiweka hadithi ya maquis kando na kuanzia ofisi ya vizazi na vifo. Wengi hawapendi njia hii kwa sababu haina msisimko. Mtu anataka kwenda moja kwa moja kwenye orodha ya mashujaa. Lakini majina ya ukoo ya Kifaransa yanajirudia mno, na kinachomtenganisha mtu na mwenziwe katika nyaraka za vita ni tarehe na mahali pa kuzaliwa. Bila viwili hivyo unaokota babu wa watu wengine, kama ilivyotokea.

Bi. Z. aliandikia manispaa ya mji aliozaliwa mama yake, akaomba nakala kamili ya kumbukumbu ya kuzaliwa. Nchini Ufaransa kumbukumbu za uzazi na ndoa huwa wazi kwa yeyote baada ya miaka 75, na kwa mtoto au mjukuu hata kabla ya hapo. Nakala ikaleta majina kamili ya wazazi. Kutoka hapo tuliingia kwenye madaftari ya mkoa yaliyowekwa mtandaoni, tukapata kuzaliwa kwa babu mwaka 1911 na kwa bibi 1913. Pembeni mwa kila kumbukumbu mna maandishi ya nyongeza: ndoa ya 1936, kisha vifo vyao. Kufikia hapo tulikuwa na watu wawili halisi, kila mmoja na tarehe yake na kijiji chake, na bibi akiwa na jina la ukoo la baba yake ambalo Dar es Salaam hakuna aliyewahi kulisikia.

Babu ndiye tuliyeanza naye, kwa kuwa ndiye aliyesimuliwa. Idara ya historia ya jeshi la Ufaransa, Service historique de la Défense, ina huko Vincennes mfululizo unaoitwa GR 16 P, wenye majalada takriban 600,000 ya watu wa Résistance. Orodha yake ya majina inasomeka bure kwenye tovuti ya Mémoire des hommes. Babu hakuwemo. Mtu wa Vercors alikuwemo, na tarehe yake ya kuzaliwa haikuwa ya babu.

Kutokuwemo hakutoshi kumwondoa mtu, na nitalirudia jambo hili mbele. Ila kulikuwa na hoja nyingine iliyonisumbua tangu mwanzo, nayo ni kalenda. Maquis ilianza kujaa watu mwaka 1943, hasa baada ya sheria ya 16 Februari iliyowalazimisha vijana kwenda kufanya kazi Ujerumani. Aliyekamatwa Juni 1940 akakaa Ujerumani hadi mwisho wa vita alipigana msituni saa ngapi? Wafaransa wapatao milioni 1.8 walitekwa katika majira yale ya 1940, na majina yao yalichapishwa katika orodha rasmi ambazo leo zimo kwenye Gallica, maktaba ya kidijitali ya taifa. Babu alikuwemo humo: tarehe yake, kijiji chake, kikosi chake, askari wa kawaida, na namba ya Stalag aliyofungwa, yaani kambi ya mateka wasio maofisa. Neno "Stalag" lilivunja kipande kingine cha hadithi. Maofisa waliotekwa walipelekwa Oflag. Mtu wa Stalag hakuwa luteni.

Ikabaki picha. Niliishika ile namba kwa sababu katika historia ya kambi za Wanazi kuna kundi la wanawake linalojulikana kwa namba zake tu: wa "elfu ishirini na saba". Waliondoka kambi ya Compiègne, kaskazini mwa Paris, kwa treni tarehe 31 Januari 1944, wanawake 959, wakafika kambi ya wanawake ya Ravensbrück, kaskazini mwa Berlin, tarehe 3 Februari, wakapewa namba zinazoanza na 27. Geneviève de Gaulle, binti wa kaka yake jenerali mwenyewe, alikuwa mmojawapo. R inayofuatwa na 27 na tarakimu tatu, nyuma ya picha ya mwanamke aliyekonda. Tulifungua kitabu cha kumbukumbu cha Fondation pour la mémoire de la déportation, kinachoorodhesha misafara kwa jina, kuzaliwa na namba, tukatafuta kwa jina la usichana la bibi.

Alikuwemo. Tukarudi kwenye orodha ya GR 16 P kwa jina hilohilo, naye alikuwemo. Pembeni ya jina lake pana vifupisho viwili, FFC na DIR: mpiganaji wa mitandao iliyounganishwa na London, na mfungwa aliyehamishwa kwa sababu ya Résistance.

Jalada lenyewe

Mtoto wa binamu yao anasoma Paris. Aliweka nafasi mapema, akaagiza jalada, akaenda Vincennes na simu yake. Kupiga picha mwenyewe hakulipiwi. Alituma karatasi moja baada ya nyingine kwa WhatsApp: karatasi nyembamba za taipu, alama ya kutu pale pini ilipokuwa, sahihi zinazopandana, na fomu iliyojazwa kwa wino wa buluu kwa mwandiko uliofanana na ule wa nyuma ya picha.

Bibi alikuwa karani wa posta katika mji mdogo uliokatwa na mstari wa mpaka kati ya eneo lililokaliwa na Wajerumani na eneo la Vichy. Mumewe alikuwa mateka, mtoto alikuwa akikaa kijijini kwa babu na bibi zake. Kwa mujibu wa jalada, mwanzoni alivusha barua. Baadaye akawa "sanduku la barua" la mtandao mmoja wa ujasusi uliotuma taarifa London, yaani mtu ambaye ujumbe unaachwa kwake na mwingine anakuja kuuchukua bila wawili hao kujuana. Ameandikwa daraja la P1, linalomaanisha kwamba aliendelea na kazi yake ya kila siku huku akitumikia mtandao, kisha P2 tangu alipokamatwa mwaka 1943. Alipitia gereza la Montluc, Lyon, halafu Compiègne. Mwishoni kuna cheo alicholinganishwa nacho kwa ajili ya malipo: chargé de mission wa daraja la tatu, sawa na luteni-usu. Luteni wa familia ndiye huyo.

Jalada linajipinga. Karatasi moja inasema alianza kazi Novemba 1942, nyingine Machi 1943. Anayezifahamu nyaraka hizi hashtuki. Vyeti viliandikwa miaka kadhaa baada ya vita na maofisa waliopewa kazi ya kufunga hesabu za kila mtandao, kwa kutegemea kumbukumbu za waliosalia, na tarehe ya kuanza iligusa haki za mtu. Kwa hiyo tarehe hizo zilivutwa, mara kwa nia njema, mara kwa kusahau. Tuliamua kuziandika zote mbili kwenye kumbukumbu ya familia, kila moja na karatasi yake, bila kuchagua inayopendeza.

Jambo jingine lilinigusa zaidi. Aliyefungua jalada hakuwa bibi bali ofisa wa mtandao. Tuliandikia pia kituo cha Caen, kinachotunza majalada ya wahanga wa vita katika mfululizo wa AC 21 P, pamoja na hifadhi ya mkoa inayotunza maombi ya kadi ya mpiganaji wa hiari wa Résistance, iliyowekwa na sheria ya 25 Machi 1949. Caen kulikuwa na jalada lake la mfungwa aliyehamishwa, pamoja na siku aliyorudi: alikuwa katika kundi la Wafaransa wapatao 300 walioachiliwa kupitia Msalaba Mwekundu mapema Aprili 1945, wakapitia Uswisi na kufika Paris tarehe 14. Majuma mawili baadaye, tarehe 29 Aprili, wanawake wa Ufaransa walipiga kura kwa mara ya kwanza. Mkoani hapakuwa na ombi la kadi. Hakuiomba. Mumewe alirudi kutoka Stalag baada yake.

Jina la mchongezi

Katika nyaraka za mahakama za baada ya ukombozi, ambazo amri ya 24 Desemba 2015 ilizifungua kwa watu wote pamoja na nyaraka nyingine nyingi za wakati wa vita, tulikuta jina la aliyemchongea. Alikuwa mtu wa mji uleule. Jina la ukoo wake bado limo kwenye vibao vya maduka ya pale.

Kisheria hapakuwa na kizuizi. Nilimwambia Bi. Z. kwamba jina limepatikana, kwamba nitamwonyesha ukurasa akitaka, na kwamba nisingeliweka kwenye mti wa ukoo utakaopandishwa mtandaoni. Sababu zangu zilikuwa mbili. Karatasi ile ni maelezo ya shahidi mmoja na hukumu yenyewe hatukuiona, kwa hiyo tulikuwa na tuhuma tu. Pili, waliobaki na jina hilo ni wajukuu, wasiohusika. Bi. Z. aliomba ukurasa huo aupewe kwenye bahasha. Sijui kama ameifungua, wala sikumuuliza.

Familia ilivyopokea

Mdogo wake ndiye aliyekuwa mgumu. Alikwisha kumsimulia kila mtu habari za Vercors.

"Kwa hiyo, dada, babu hakuwa shujaa?"

"Babu alikaa mateka miaka mitano. Wewe unaitaka bunduki tu."

"Sasa watoto niwaambieje?"

"Waambie bibi yao alikuwa karani wa posta, uanzie hapo."

Kuna mama mdogo Ufaransa, aliyezaliwa baada ya vita. Alipopigiwa simu alisema alijua tangu zamani, ila mama yake alikuwa akiondoka mezani kila mada ilipoanzishwa, na babu alikuwa akiijaza nafasi hiyo kwa hadithi za Stalag. Wageni wakicheka, wakimpongeza, mkewe akiwa jikoni. Nadhani hivyo ndivyo kifungo cha mmoja na utumishi wa mwingine vilivyoungana vikawa vya mtu mmoja, mwanamume. Hadithi ilipofika Dar es Salaam ilikuwa imekamilika na ilikuwa na karibu kila kitu cha kweli ndani yake: kukamatwa, Ujerumani, luteni, nishani. Isipokuwa mwenyewe.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kuanza na kumbukumbu za uzazi za watu wote wawili, mume na mke, hata pale ambapo masimulizi yanamtaja mmoja. Nyaraka za Kifaransa humfuata mwanamke kwa jina la ukoo alilozaliwa nalo, ingawa katika maisha ya kila siku anaitwa kwa la mumewe. Wapo walioorodheshwa kwa jina la ndoa, kwa hiyo tafuta kote kuwili. Mtafiti wa kwanza hakuwa na jina la usichana, wala hakuliuliza. Hata angeupata ukurasa sahihi asingeutambua.

La pili ni ile kalenda. Kabla ya kulipa mtu au kuandika barua yoyote, ipange hadithi kwa miezi uone kama inaingia. Mateka wa 1940, maquis ya 1943, kambi ya 1944: ni vitu vitatu tofauti, vyenye nyaraka tatu tofauti, na masimulizi huvifinyanga kuwa kimoja. Ukivitenganisha mapema unajua pa kubisha hodi.

Namba ya nyuma ya picha inaweza kuonekana kama bahati. Kwa kiasi ni bahati. Lakini hata bila namba hiyo tungefika, kwa sababu tayari tulikuwa na jina la usichana na tarehe ya kuzaliwa, na orodha ya Vincennes ilikuwa hatua iliyofuata. Namba ilitufupishia njia tu. Iliziba pia pengo, kwa kuwa SS waliteketeza sehemu kubwa ya nyaraka za Ravensbrück kabla ya kukimbia, na kwenye Arolsen Archives, hazina kubwa ya nyaraka za wahanga wa Wanazi iliyoko Ujerumani, tulikuta kidogo sana juu yake. Nyaraka za Kifaransa za baada ya vita ndizo zilizobeba kisa hiki.

Kilichokwama ni habari za kazi yenyewe. Tunajua cheo, daraja, tarehe zinazogombana, na sentensi chache za ofisa aliyetia sahihi. Barua ngapi zilipita mikononi mwake, za nani, hakuna karatasi inayosema. Jalada la GR 16 P liliundwa ili kuthibitisha haki, na husimulia kile tu ambacho karani wa pensheni alihitaji. Anayetegemea kupata humo hadithi ya kijasusi atatoka na majina ya mihuri.

Tena, jalada hilo lipo kwa sababu mtu fulani aliliomba. Ofisa wa mtandao wa bibi angekufa kambini, au angekuwa mvivu, bibi asingekuwemo kwenye orodha kabisa, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuomba lolote. Wanawake wengi waliolisha, waliohifadhi na waliopeleka ujumbe hawakuwahi kujaza fomu. Miongoni mwa watu 1,038 waliopewa heshima ya juu ya Ordre de la Libération, wanawake ni 6. Mtu asipokutwa kwenye orodha, hatua inayofuata ni hifadhi ya mkoa, ofisi alikofanya kazi, magazeti ya mji, na mashahidi waliotajwa katika majalada ya wenzake wa mtandao.

Njia hiyo ya mwisho ndiyo ambayo bado hatujaimaliza. Katika cheti cha bibi kuna mashahidi wawili, na mmoja wao ana jalada lake Vincennes. Kijana wa Paris amekwisha kuliagiza.